Orodha Mbili kwa Jina Moja

Watu wa Pwani ya Tanzania wanazijua Masaki mbili. Iko Masaki ya rasi ya Msasani, Dar es Salaam, mtaa wa mabalozi na mahoteli ya ufukweni. Na iko Masaki ya bara, kata ya wilaya ya Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo, nchi ya muhogo na korosho. Majina haya ni sawa herufi kwa herufi. Karani asiyezijua pahala hapa pawili, akiyakuta majina yote katika daftari moja, atadhani limeandikwa mara mbili kwa kusahau, naye kwa nia njema atapiga mstari juu ya mojawapo. Kwa mstari ule mmoja kata nzima itakuwa imetoweka daftarini.

Karani wa namna hiyo siku hizi anakaa ndani ya simu ya mkononi. Mwenye simu iliyojaa nyimbo hufungua programu ya muziki akakuta orodha aliyoipanga mwenyewe, tuseme ya nyimbo za zamani, imekuwa mbili, pengine tatu, zote kwa jina moja. Ndani yake wimbo unajirudia, au majina yapo na sauti haipo. Nafasi inapopungua, simu yenyewe humnasihi mwenyewe afute nakala. Shauri hilo laonekana dogo, la usafi tu, kama kufagia ua. Lakini kunakili na kufuta nakala kuna historia ndefu katika mwambao wetu, na aijuaye historia hiyo hatalikubali shauri la simu kabla ya kuuliza maswali mawili matatu.

Neno lenyewe, nakala, asili yake ni Kiarabu, na shina lake lina maana ya kuhamisha kitu kutoka pahala kwenda pahala. Kabla ya mashine za chapa, utendi uliishi kwa mkono wa mnakili. Utendi wa Tambuka, unaonasibishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate na mwaka 1728, umetufikia kwa mikono ya namna hiyo. Na kila mkono una tabia yake: huyu anaongeza ubeti, yule anaruka mmoja, mwingine anageuza neno la kaskazini likawa la Mvita kwa kuwa ndilo analolisema nyumbani. Basi wahariri wa tungo kongwe hawafanyi kazi kwa kuchagua nakala moja na kuzichoma nyingine. Huziweka ubavu kwa ubavu, wakasoma tofauti zake, na katika tofauti ndimo inamopatikana elimu. Hakuna mhariri mwenye akili timamu atakayetupa mswada kwa sababu tu juu ya jalada lake mna jina lililokwisha kuonekana kwenye mswada mwingine.

Muziki wa Waswahili uliingia katika unakili wa mashine mwaka 1928, pale Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walipovuka bahari hadi Bombay kuimba mbele ya vyombo vya kampuni ya His Master's Voice. Santuri ya wakati ule, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua kiasi cha dakika tatu kila upande. Wimbo wa taarabu haukuzaliwa kwa kipimo hicho. Ulizaliwa barazani, ambapo mwimbaji huurefusha na kuufupisha kwa kadiri ya hadhira na usiku wenyewe. Mbele ya mashine ilibidi ukatwe, au ugawanywe pande mbili za sahani.

Hata hivyo santuri ilileta jambo jipya. Kiwandani kila sahani ilipigwa namba yake, na sahani mbili zenye namba moja zilikuwa kitu kimoja kweli kweli. Mtu wa Unguja na mtu wa Bagamoyo waliweza kusikia, pamoja na wimbo ule ule, uimbaji ule ule, pumzi kwa pumzi. Tangu hapo ikapasa kutofautisha vitu viwili ambavyo zamani havikuhitaji kutofautishwa: wimbo, ambao waweza kuimbwa mara mia, na uimbaji, ambao hutokea mara moja tu na kunaswa. Mkanganyiko mwingi uliomo leo katika simu umetokana na kuvichanganya viwili hivyo.

Redio ilikuja kuongeza wingi. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 chombo hicho kikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, mali ya Serikali. Bendi za muziki wa dansi ziliitwa studio zikarekodi nyimbo zao katika mikanda ya reli, nayo mikanda ikawekwa maktaba. Santuri za bendi za Tanzania zilichapwa Nairobi. Na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe hadi 1983, njia hiyo iliingia dhiki. Hivyo nyimbo nyingi za kipindi kile hazikupata kuwa santuri kabisa. Zilikuwa na nakala moja ya asili, mkanda ulio rafuni mwa redio, na nakala zisizohesabika zilizokuwa masikioni mwa watu.

Katika vijiji vya Kisarawe, Masaki ikiwamo, masikio hayo yalikuwa na sababu zaidi ya kuitega redio. Bendi ya Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, na sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Washindani wake wakubwa waliuita wao Msondo, jina litokalo pia katika ngoma za pwani, za kuwafunda wari. Na Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa aliyeipa Morogoro jina katika Afrika Mashariki yote, anahusishwa na Mzenga, kata nyingine ya Kisarawe hiyo hiyo. Mtu wa Masaki aliyesikia redio ikitaja Sikinde alisikia neno la kwao likirudi kutoka mjini limevaa suti na matarumbeta.

Sasa atazamwe mwanamuziki mmoja na bendi moja, ili ionekane jinsi vitu vinavyoongezeka majina.

Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz mwaka 1965, akaiacha mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa tena Nairobi katika mfululizo wa santuri ndefu ulioitwa Ukumbusho. Kwa hiyo wimbo mmoja wa Mbaraka waweza kuwapo katika santuri ndogo, ukiwa umekatwa sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande huu. Ukawapo tena katika santuri ndefu. Na ukawapo kwa mara ya tatu kwa uimbaji mwingine kabisa, uliorekodiwa studio ya redio. Jina ni moja, magitaa si yale yale.

Bendi ni ile ya wafanyakazi. Ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, kwa kuwa ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi cha NUTA. Chama kilipogeuzwa kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 chama kikawa OTTU, na bendi ikafuata. Hatimaye ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Kwa msikilizaji mzee hii ni bendi moja yenye umri mrefu. Kwa simu ni bendi nne, kila moja na ukurasa wake, na kila ukurasa na nusu ya wimbo uliomo katika ukurasa wa pili.

Kanda za kaseti ndizo zilizompa mtu wa kawaida uwezo wa kunakili. Mombasa lilikuwako duka la Mbwana Radio, mashuhuri kwa kanda za taarabu. Nyumbani ilitosha redio kaseti. Mtu aliketi kungoja kipindi, kidole juu ya kitufe, na wimbo ulipoanza alibonyeza. Aliyechelewa alipoteza mistari ya mwanzo. Asiyechelewa alipata wimbo na sauti ya mtangazaji juu yake, pengine na salamu zilizotumwa kutoka Kisarawe kwenda Kilwa. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na nusu saa kila upande, na wimbo uliokuwa ukipigwa nusu saa ile ilipokwisha ulikatika pale pale ulipofika.

Juu ya kikaratasi cha kasha mwenye kanda aliandika orodha kwa kalamu, na orodha hizo zilikuwa na ufasaha wake. Aliyejua jina la wimbo aliliandika. Asiyelijua aliandika neno la kiitikio, au jina la mtu anayetajwa ndani ya wimbo, au jina la harusi aliyousikia. Kanda ilipoazimwa na kunakiliwa, orodha nayo ilinakiliwa pamoja na makosa yake, na kila kizazi cha kanda kilikuwa na uvumi mwingi kuliko kilichokitangulia. Mtu aliyeshika kanda ya nne aliweza kujua kwa sikio kwamba anakula makombo. Dalili hiyo ilikuwa na faida: ilimwambia nakala ipi iko karibu na asili.

Zama za kompyuta ziliiondoa dalili ile. Jina la MP3 lilichaguliwa mwaka 1995, na faili la namna hiyo likinakiliwa mara elfu, la elfu ni sawa na la kwanza. Uharibifu huja pale tu linapobanwa upya ili lipungue ukubwa, na hapo hakuna uvumi wa kumwonya msikilizaji; sauti hukauka kimya kimya.

Mwaka 1996 ilitungwa pia lebo ya kubandikwa mwishoni mwa faili, iitwayo ID3, na inafaa kuikumbuka, maana ndiyo kikaratasi cha kasha cha zama hizi. Toleo lake la kwanza lilikuwa na baiti 128 tu. Jina la wimbo lilipewa nafasi ya herufi 30, la mwimbaji 30, la albamu 30, na mwaka herufi 4. Atakayeandika humo Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano atakatwa kauli, na lebo itaishia kwenye Super Vol. Kwa aina ya muziki ilitolewa orodha ya aina 80 zilizokwisha kuhesabiwa. Polka ilikuwamo, taarabu haikuwamo, wala dansi ya Dar es Salaam. Aliyehamisha kanda zake kwenye kompyuta alilazimika kuiita Sikinde kwa jina la kuazima au kuiacha bila kabila. Matoleo yaliyofuata yameondoa mipaka hiyo, lakini faili zilizoandikwa kwa lebo fupi bado zinazunguka, na majina yaliyokatwa yanazunguka nazo.

Kutoka kompyutani nyimbo zilishuka vibandani. Katika vijiji na miji ya Tanzania alikuwapo, na hata sasa yupo, kijana mwenye kompyuta na kisomaji cha memori kadi, anayewaingizia watu nyimbo kwenye simu kwa malipo madogo. Hasikilizi anachonakili, hunakili folda nzima. Mteja wa Masaki aliyeingiziwa folda ya zilipendwa mjini, kisha akaingiziwa nyingine kijijini, na baadaye akarushiwa nyimbo kumi na nduguye kwa Bluetooth, ana Mbaraka mara tatu kwa tahajia tatu. Mojawapo, yumkini, imeandikwa kwa lafudhi ya mwandishi asiyetenganisha l na r.

Hapo ndipo inapoingia orodha yenyewe, na hapana budi lisemwe wazi jambo ambalo wengi hawalijui: orodha ya nyimbo katika simu haina wimbo hata mmoja. Ni karatasi ya maelekezo. Faili la orodha la namna ya M3U, lililozoeleka tangu miaka ya 1990, ni maandishi matupu. Mstari baada ya mstari unaeleza wimbo uko wapi: kadi gani, folda gani, kwa jina gani. Kadi ikihamishiwa simu nyingine, au folda ikibadilishwa jina, maelekezo yanabaki yakielekeza nyumba iliyohamwa. Ndiyo sababu majina huonekana na sauti isitoke.

Na orodha kuzaa pacha kuna sababu zake. Simu ya Android huwa na daftari lake la ndani la vitu vyote vya kusikilizwa na kutazamwa, nayo hulijaza kwa kupekua kumbukumbu ya simu na kadi. Programu ya muziki inaweza kuwa na daftari lake, kisha ikaandika na faili la orodha kwenye kadi kwa ajili ya akiba. Simu ikipekua tena, hulikuta faili lile na kuliandika kama orodha mpya. Mwenye simu akiweka programu ya pili, hiyo nayo inasoma vyote viwili. Tangu toleo la 12 la Android, lililotoka mwaka 2021, waundaji wa mfumo huo walitangaza kwamba utaratibu wa zamani wa orodha katika daftari la pamoja umeachwa. Programu nyingi zikashika kila moja daftari lake, na mafaili ya zamani yakabaki kwenye kadi. Kwa hiyo orodha mbili za jina moja si lazima ziwe nakala. Huenda moja ni ya mwaka juzi na nyingine ni ya leo. Moja ina nyimbo arubaini, nyingine ina thelathini na saba na tatu ambazo hazimo katika ile ya kwanza. Ni Masaki mbili.

Nazo programu zinazojigamba kutafuta nakala hutafuta kwa njia mbalimbali, na kila njia ina upofu wake. Iko inayolinganisha majina: hii itasema NUTA na Msondo Ngoma hazihusiani, na itasema uimbaji wa studio na uimbaji wa santuri ni kitu kimoja kwa kuwa majina ni sawa. Iko inayolinganisha baiti kwa baiti: hii haikosei inaposema vitu viwili ni kimoja, lakini wimbo ule ule ukibanwa kwa vipimo viwili tofauti huuhesabu kuwa nyimbo mbili. Iko inayosikiliza mawimbi ya sauti na kuyachukulia alama, kama alama za vidole. Hii ina akili zaidi, ila sauti ya mtangazaji iliyo juu ya mwanzo wa wimbo huifanya isite. Hakuna inayoweza kujua kwamba ile nakala chafu, yenye sauti ya mtangazaji na mwisho uliokatika, ndiyo pekee yenye ubeti wa mwisho ambao kiwanda cha santuri kiliuacha.

Adabu ya kuzisafisha orodha, basi, haitofautiani sana na adabu ya mhariri wa miswada. Kwanza zifunguliwe zote mbili na kuhesabiwa kilichomo, kisha kilicho katika moja tu kihamishiwe katika nyingine, na ile iliyobaki tupu ndiyo ifutwe. Pili itambuliwe kinachofutwa: kufuta orodha ni kuchana karatasi ya maelekezo, lakini kufuta faili la wimbo ni kuibomoa nyumba, na programu nyingi huweka vitufe hivyo viwili jirani. Tatu, kadi ikaguliwe kama yamo mafaili ya orodha ya zamani. Yasipoondolewa humo, pacha atazaliwa tena simu itakapopekua. Nne, wimbo wenye jina moja usikilizwe mwanzo na mwisho kabla ya kuhukumiwa. Na majina yaunganishwe kwa kuandika upya lebo, sio kwa kufuta: anayetaka NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma zikae ukurasa mmoja aandike jina moja la bendi katika faili zote, na jina la wakati wake aliweke kwenye nafasi ya albamu, historia isipotee.

Atakuwapo wa kusema kwamba haya ni kumtwisha mtu mzigo usio wake, na kwamba kuhifadhi muziki wa taifa ni kazi ya maktaba. Ni kweli kwamba ni kazi ya maktaba. Lakini mkanda wa reli una adui zake, joto na unyevu, na pwani hii ina vyote viwili kwa wingi. Kazi ya kuihamisha mikanda ya Redio Tanzania kwenye kompyuta imezungumzwa kwa miaka mingi, na mwaka 2012 ulikuwako mradi ulioanzishwa kwa kusudi hilo hilo. Mkanda ukifa kabla ya zamu yake kufika, kitakachosalia ni kile alichokinasa mtu kwa redio kaseti, kikahamia kompyutani, kikashukia kibandani na kuishia katika kadi ya simu, chini ya jina lililokosewa, katika orodha ambayo simu inasema ni ya ziada.

Wala haifai kuusifu unakili huu bila kuutaja upande wake wa pili. Katika safari yote hiyo ya kanda, kadi na Bluetooth, mtunzi hakulipwa. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2003. COSOTA na COSOZA zilizaliwa kutokana na sheria hizo. Wanamuziki wengi wa NUTA na Morogoro Jazz walikuwa wamekwisha kuzeeka au kufariki sheria zilipofika. Waliopokonywa haki kwa nakala wasipokonywe na majina kwa kufutwa. Lebo iliyoandikwa sawasawa, yenye jina la mtunzi, bendi na mwaka, haimlipi mtu, lakini bila hiyo hata anayetaka kulipa hajui amlipe nani.

Miswada ya tendi ilisalimika kwa sababu majumbani walikuwamo watu, wengi wao bila cheo cha elimu, waliokataa kutupa karatasi wasiyokuwa na hakika nayo. Simu zimewapa kazi hiyo watu wengi zaidi bila kuwauliza. Kabla ya kitufe cha kufuta kubonyezwa, usikilizwe wimbo wa pili hadi mwisho wake.